Taa Isiyompoteza Kasa

Watu wengi hudhani kwamba taa ni taa tu: ikiwaka ni njema, na ikiwaka sana ni njema zaidi. Katika makala haya napenda kueleza kwamba sivyo. Taa ina rangi yake, ina kimo chake, ina upande inaoelekea, na ina saa zake za kuwaka. Mambo hayo manne yasipofikiriwa, taa ile ile imwongozayo mwanafunzi njiani yaweza kuwaua viumbe wengine makumi kwa makumi katika usiku mmoja. Yakifikiriwa vema, mwanafunzi hufika salama na kiumbe naye akapona.

Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Wasomaji wanajua kwamba njia itokayo mabwenini kwenda bwaloni hupita kando ya ufuko, na usiku ni giza tupu. Muhula uliopita wazazi waliomba njia hiyo iwekwe taa, na ombi lao lilikubaliwa. Fundi aliyeitwa kutoa makadirio alishauri taa kubwa nne za LED, nyeupe, za wati 50 kila moja, zifungwe juu ya mapaa na kuelekezwa njiani na ufukoni. Bodi ya Shule haijakata shauri bado. Na ufuko huo ndio kasa wapandapo kutaga mayai. Kwa hiyo sisi wa Chama cha Elimu ya Viumbe tumeomba nafasi katika gazeti hili ili tueleze mambo tuliyojifunza, nami nimepewa kazi ya kuandika.

Kwanza yatupasa kumjua kasa mwenyewe. Katika bahari ya pwani yetu huonekana aina tano za kasa, lakini wanaotaga zaidi katika fukwe za Tanzania na Kenya ni kasa wa kijani na ng'amba. Jike la kasa wa kijani huchukua miaka mingi sana kukomaa, aghalabu zaidi ya miaka 20. Akisha komaa hurudi kutaga katika sehemu za pwani zile zile alikozaliwa. Hapandi kila mwaka. Hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi. Lakini ule mwaka aupandao hutaga mara kadhaa, kila baada ya siku kama 14 hivi. Huja usiku, akachimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, akatia mayai kama 100 au kuzidi, akafukia, akarudi baharini. Kazi yake imekwisha. Hawangoji watoto wake wala hawaoni.

Baada ya miezi miwili hivi mayai huanguliwa. Watoto hupanda pamoja kutoka chini ya mchanga, na wakifika karibu na uso wa nchi hungojea. Wakihisi mchanga umepoa hujua kwamba jua limekuchwa, ndipo hutoka wote kwa pamoja. Wakitoka mchana jua lingewakausha, na ndege wangewaona kwa urahisi. Mtoto wa kasa ni mdogo kiasi cha kukaa katika kiganja cha mtu. Tumboni amebakiwa na akiba kidogo ya kiini cha yai, na akiba hiyo ndiyo masurufu yake ya safari. Hana budi aitumie kukimbilia maji na kuogelea hata afike bahari kuu. Hakuna mama wa kumwongoza. Je, atajuaje bahari iko upande gani?

Wazee wengi wa pwani husema kwamba mtoto wa kasa hufuata mwezi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayakutimia. Tufikiri kidogo. Katika pwani yetu bahari iko mashariki na nchi kavu iko magharibi. Mwezi mpevu huchomoza baharini jioni, na alfajiri huwa umeinama upande wa nchi kavu. Kama mtoto wa kasa angefuata mwezi tu, basi wale watokao kabla ya mapambazuko wangepanda wote kwenda mashambani. Lakini hawafanyi hivyo. Wataalamu wamegundua kwamba mtoto wa kasa hatazami nuru moja iliyo juu. Hutazama chini, karibu na upeo wa macho, tena kwa upana mkubwa kutoka kushoto hata kulia, akauelekea upande ulio na nuru nyingi kwa jumla. Papo hapo huukimbia upande wenye vivuli virefu vyeusi. Usiku wa asili, upande wenye nuru nyingi ni bahari, kwa kuwa mbingu iko wazi na maji hurudisha nuru ya nyota na mwezi. Upande wenye vivuli ni nchi kavu, yenye vichaka, minazi na matuta ya mchanga. Kanuni hii ni rahisi na imewafikisha kasa baharini kwa mamilioni ya miaka.

Sasa weka taa nyeupe juu ya paa, nyuma ya ufuko. Mara kanuni imepinduka. Upande wa nchi kavu, uliokuwa mweusi tangu mwanzo wa dunia, sasa una kitu king'aacho kupita bahari yote. Watoto wa kasa huipa bahari kisogo, wakaifuata taa. Wengine huzunguka zunguka pasipo kujua waendako, na nyayo zao huonekana asubuhi mchangani kama nyuzi zilizotatizana. Wengine huliwa na kaa, siafu, kunguru na mbwa. Wengine hukauka jua litokapo. Hata yule abahatikaye kuiona bahari baada ya saa nyingi huingia majini amekwisha tumia akiba yake, naye hana nguvu za kushindana na mawimbi wala kumkimbia samaki. Hukadiriwa kwamba katika watoto 1,000 huenda akakua mmoja tu akawa mkubwa. Penye hesabu finyu kama hiyo, hasara ya kiota kizima si jambo dogo.

Mama zao nao hudhurika, ingawa kwa njia nyingine. Jike akikaribia ufuko wenye mwanga mkali hughairi, akarudi baharini, akatafute mahali pengine, pengine pasipofaa. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Blair Witherington alilijaribu jambo hili katika fukwe mbili, mmoja wa Florida na mwingine wa Tortuguero katika nchi ya Costa Rica, na mwaka 1992 akachapisha aliyoyaona. Mahali alipowasha taa nyeupe za zebaki, karibu kasa wote waliacha kupanda. Mahali alipowasha taa za manjano za sodiamu, walipanda karibu kama kawaida. Msomaji na alizingatie neno hili, maana ndiko unakoanzia ufumbuzi wetu. Zote mbili zilikuwa taa, na zote mbili ziliwaka. Tofauti iliyoleta matokeo hayo ilikuwa rangi.

Kwa nini rangi? Waliosoma Fizikia wanajua kwamba nuru husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Urefu huo ni mdogo mno, hata hupimwa kwa nanomita. Nanomita 1,000,000 ni milimita moja. Jicho la binadamu huona kuanzia kama nanomita 400, ambayo ni zambarau, hata kama nanomita 700, ambayo ni nyekundu. Buluu iko karibu na 450, kijani karibu na 530, manjano karibu na 580. Jicho la kasa halilingani na letu. Limeumbwa kwa ajili ya bahari, ambamo nuru nyekundu humezwa upesi na maji na nuru ya buluu hushuka mbali. Kwa hiyo kasa huona vizuri sana zambarau, buluu na kijani, lakini huona kwa udhaifu rangi zenye mawimbi marefu, yaani chungwa na nyekundu. Taa ionekanayo kwetu ya kutosha kabisa yaweza kuwa kwake hafifu.

Taa nyeupe ya LED, ambayo siku hizi imejaa madukani mwetu, ina siri moja. Ndani yake hamna kitu cheupe. Mna kipande kidogo kitoacho nuru ya buluu, karibu na nanomita 450, nacho kimefunikwa kwa utando wa manjano. Sehemu ya buluu hugeuzwa na utando huo kuwa manjano, sehemu nyingine hupita kama ilivyo, na jicho letu likizichanganya hizo mbili huona weupe. Kwa hiyo kila taa nyeupe ya namna hiyo hubeba ndani yake ile rangi impotezayo kasa. Juu ya sanduku la taa huandikwa tarakimu kama 6500K, 4000K au 2700K. Kadiri tarakimu hiyo ilivyo kubwa, ndivyo buluu ilivyo nyingi. Taa ya 2700K, yenye weupe wa joto, ni afadhali kuliko ya 6500K, lakini buluu bado imo. Kuipaka taa nyeupe rangi ya manjano nako hupunguza tu, hakuondoi. Ifaayo hasa ufukoni ni LED ya rangi ya kaharabu, yaani manjano ielekeayo chungwa, ambayo nuru yake yote huwa karibu na nanomita 590, au ile nyekundu.

Mahali palipofikiri jambo hili mapema ni Florida, katika Marekani. Pwani ya jimbo hilo imejaa hoteli, nyumba na barabara, na papo hapo ni moja ya mahali pakuu duniani pa kutagia kasa mwenye kichwa kikubwa, aitwaye duvi. Mwaka 1993 serikali ya jimbo hilo ilitoa mfano wa sheria ya taa za ufukoni, ili miji ya pwani iufuate. Mwaka 1996 Witherington na mwenziwe R. Erik Martin walitoa kitabu cha maelezo kuhusu namna ya kuchunguza taa na kuzirekebisha. Mafundisho yao, pamoja na kanuni zilizofuata, huweza kusemwa kwa maneno matatu: taa iwe chini, ifunikwe, na wimbi lake liwe refu. Kipimo cha wimbi kitumikacho huko ni nanomita 560 au kuzidi.

Nitayaeleza maneno hayo matatu kwa kuyapima katika njia yetu wenyewe, nikiongeza mengine mawili yanayotangulia na kufuata.

Swali la kwanza, kabla ya kununua cho chote, ni hili: je, taa inahitajika hapa? Njia inahitaji taa, maana watu hupita. Mlango wa bweni unahitaji taa. Lakini mchanga wa ufukoni hauhitaji, kwa kuwa hakuna mwanafunzi mwenye ruhusa ya kuwako huko usiku. Kwa hiyo nuru yo yote iangukayo mchangani ni umeme uliopotea, hata kama kasa wasingekuwako.

La pili ni kimo. Nuru hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Taa iliyo juu mita 4, ili iangaze ardhi iliyo chini yake sawasawa na taa iliyo juu mita 1, yahitaji ukali mara 16. Ni kweli taa ya mita 1 huangaza mahali padogo, kwa hiyo zitahitajika nyingi. Lakini taa ndogo nyingi zilizo chini huangaza njia tu, hali taa kubwa iliyo juu ya paa huangaza njia, ufuko, mawimbi na mbingu. Tena taa fupi huweza kufichwa na ukuta, ua au kichaka, lakini iliyo juu ya paa haifichiki.

La tatu ni kifuniko. Taa yapasa kuvishwa kofia isiyopitisha nuru, inayofunika juu na upande wa bahari, ili balbu yenyewe isionekane kabisa kutoka ufukoni. Kioo cha ukungu siyo kofia, maana chenyewe hung'aa. Vile vile tuangalie mahali nuru inapoangukia: taa ikimulika ukuta mweupe ulioelekea bahari, ukuta huo wote hugeuka kuwa taa.

La nne ni rangi, nalo nimekwisha lieleza.

La tano ni saa. Taa isiyokuwa na mtu wa kumwangazia haina kazi. Viko vifaa vya kuizima taa saa iliyowekwa, na vingine vya kuiwasha mtu akaribiapo na kuizima akisha pita. Katika njia yetu hakuna apitaye mara kwa mara baada ya kengele ya kulala, ila mwenye haja na mlinzi. Taa zenye kifaa hicho zingekaa gizani sehemu kubwa ya usiku, zikamtumikia kila ahitajiye.

Mashauri haya hayako Florida peke yake. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha kulinda giza la usiku, pamoja na chama cha wahandisi wa taa cha Amerika ya Kaskazini, vilikubaliana kanuni tano za taa za nje: iwe na manufaa, ielekezwe panapohitajika tu, isizidi kiasi, iwe na namna ya kuitawala, na rangi yake iwe ya joto. Kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya mahali po pote, hata pasipo na kasa. Nasi twaona sababu yake kila mvua za kwanza, kumbikumbi wanapozizunguka taa za madarasa hata wakaanguka. Mwaka 2024 wataalamu walionyesha kwamba wadudu wa usiku wana tabia ya kuigeuzia nuru migongo yao, kwa kuwa tangu asili juu ndiko kwenye nuru. Karibu na taa tabia hiyo huwafunga, wakazunguka wasiweze kutoka. Kasa na kumbikumbi hawafanani kwa lo lote, lakini wote wawili walijifunza njia zao kabla binadamu hajawasha taa.

Sasa nije katika neno lililo zito kuliko yote, nalo ni usalama. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nina binti katika bweni lile. Nipe taa kwanza, habari za kasa utanieleza baadaye." Nilimjibu, "Ni kweli, mama. Taa itakuwapo." Sipendi mtu ye yote adhani kwamba chama chetu kinamthamini kasa kuliko mwanafunzi. Binti huyo ni mwenzetu, na sisi wenyewe twapita njia hiyo hiyo. Lakini tuulize: ni taa ya namna gani imlindayo hasa?

Mtu akitazama taa kali iliyo wazi, mboni ya jicho lake husinyaa. Akiondoa macho hapo, penye kivuli haoni kitu. Na jicho lililokwisha pigwa na mwanga mkali huhitaji kama nusu saa kulizoea giza kabisa. Taa kubwa iliyo juu ya paa hufanya mambo mawili kwa pamoja: humpofusha apitaye, na huumba vivuli vyeusi nyuma ya kila nguzo na kila kichaka. Mwenye nia mbaya hapendi giza lililo sawa; hupenda kivuli kilicho karibu na mwanga, maana hapo yeye huona asionekane. Taa za chini zilizofunikwa hulimulika jiwe, shimo na nyoka aliye njiani, wala hazimchomi mtu machoni. Hivyo apitaye huweza kuona njia, na tena huona mbali kando ya njia. Nuru ya kaharabu nayo hailiharibu jicho lililozoea giza kama ifanyavyo nuru nyeupe.

Haki yataka niseme na upungufu wake. Kwa nuru ya kaharabu rangi hazitambulikani vizuri. Mtu hawezi kusema kwa hakika kama shati ni la buluu au la kijani. Kwa hiyo mahali panapotakiwa kutambua rangi, kama chumba cha dawa na maabara, taa nyeupe ibaki, lakini ndani, na madirisha yaelekeayo bahari yawe na mapazia mazito. Langoni, ambako ni upande wa bara nyuma ya majengo, yaweza kuwekwa taa nyeupe ya joto yenye kofia. Pia taa za kaharabu hazipatikani katika kila duka. Hapana budi kuziagiza, na aghalabu bei yake huzidi ile ya taa za kawaida.

Lakini tupige hesabu ya matumizi. Tumepima njia kwa kamba, nayo ni mita 60. Tukisimika vijiti vya taa vya mita 1 kila baada ya mita 5, tutahitaji taa 13. Kila moja ikiwa ya wati 3, jumla ni wati 39. Taa nne za paani ni wati 200. Zikiwaka saa 12 kila usiku, taa za paani zitatumia yuniti 2.4, na taa za njiani hazitafika hata nusu yuniti. Kwa siku 30 ni yuniti 72 kwa upande mmoja na yuniti 14 kwa upande wa pili. Taa za chini zitatugharimu zaidi siku ya kuzisimika, kwa sababu ya nyaya na vijiti, lakini kila mwezi zitaturudishia kitu.

Kama mtu akiona shaka kwamba taa za namna hii zaweza kumnusuru kasa kweli, iko barabara moja katika mji wa Boca Raton, huko huko Florida, ipitayo kando ya ufuko. Taa za nguzo zilizimwa, na badala yake zikapandwa taa ndogo za LED katika sakafu ya barabara yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba taa za nguzo zilipowaka watoto wa kasa walipotea, na zilipowaka zile ndogo walielekea baharini sawasawa. Magari yalipita, na kasa wakafika.

Wengine watasema kwamba kasa sasa wameongezeka, basi hakuna haja ya kujisumbua. Ni kweli kwamba mwezi wa Oktoba, mwaka 2025, shirika la kimataifa la IUCN lilimwondoa kasa wa kijani katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yake duniani imepanda. Lakini amepanda kwa sababu watu walilinda fukwe, mayai na majike kwa miaka mingi. Katika pwani yetu kazi hiyo imefanywa Watamu tangu mwaka 1997, na huku Tanzania shirika la Sea Sense liliianza mwaka 2001, likishirikiana na wanavijiji wa Mafia na kwingineko. Ng'amba, ambaye naye hutaga katika pwani hii, bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Na mtoto wa kasa atakayetoka mchangani kwetu mwaka huu, ikiwa atajaliwa kukua, atarudi kutaga wakati sisi tulioko Kidato cha Tano tuna watoto wa kusomesha. Taa tutakayoichagua sasa ndiyo itakayoamua kama kuna atakayerudi.

Kuna mambo ambayo hayahitaji kungojea fedha wala Bodi. Madirisha ya mabweni yaelekeayo bahari yafungwe mapazia kila jioni. Taa za vyumba vya kusomea zizimwe mara kengele ya kulala ikilia. Mtu asimulike tochi wala simu ufukoni usiku, wala asiwashe moto huko. Vichaka vya asili vilivyo kati ya majengo na mchanga visikatwe, maana hivyo ndivyo pazia letu la bure. Na mtu akiwaona watoto wa kasa wanaelekea taa, kwanza aizime taa hiyo, kisha amwite mwalimu. Asiwachukue kuwaweka ndooni wala kuwachezea.

Mwisho nataka kueleza namna ya kupima taa, ambayo haihitaji chombo cho chote. Usiku usio na mbalamwezi, kwa ruhusa na pamoja na mwalimu, shuka ufukoni mahali pasipo na viota. Lala kifudifudi, jicho likae kimo cha kiganja kutoka mchangani, kwa sababu hicho ndicho kimo cha jicho la mtoto wa kasa. Ngojea kidogo jicho lizoee giza. Kisha geuza kichwa polepole, utazame pande zote. Kila balbu unayoiona, na kila ukuta unaong'aa, mtoto wa kasa anauona pia. Andika ni taa ipi, na iko wapi. Taa hiyo ndiyo ya kushushwa, ya kuvishwa kofia, ya kubadilishwa rangi, au ya kuzimwa. Ukilala hapo ukaona upande wa majengo ni mweusi na upande wa bahari una weupe mwembamba, basi taa za shule zimepangwa vema, hata kama nyuma yako wenzako wanatembea njiani wakiona kila jiwe.

Kwa niaba ya Chama cha Elimu ya Viumbe,
Katibu, Kidato cha Tano